Maswali ya Wasomaji: Nadharia Isielee

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya Kiswahili, GPA 3.9. Nataka kufundisha chuo kikuu, nibobee katika ufeministi na fasihi ya mazingira. Pendekezo langu la utafiti wa shahada ya umahiri limerudishwa kwa maelezo kwamba nadharia inaelea. Nirekebishe wapi? – Msomaji wa kike, Ujiji, Kigoma

JIBU: Dada, GPA hiyo inatosha kuanzia. Matangazo mengi ya kazi ya vyuo vya umma hudai 3.8 kwa shahada ya kwanza, na 4.0 ya umahiri kwa mhadhiri msaidizi. Umahiri ndio wa kulinda sasa.

Nadharia huelea mwanafunzi anapojaza kurasa za Françoise d'Eaubonne, mwandishi Mfaransa aliyeleta neno ekofeminizimu (ufeministi unaounganisha ukandamizaji wa wanawake na uharibifu wa mazingira) mwaka 1974, ndipo atafute riwaya ya kuibandikia. Anza na matini. Chukua riwaya mbili, si sita, na penseli. Pigia mstari kila kitenzi kinachohusu ardhi, maji au miti, na kila kinachomhusu mwanamke. Kiswahili chenyewe kinakufanyia nusu ya kazi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, shamba hulimwa, mti hukatwa. Kauli ya kutendwa ikiwaweka mwanamke na ardhi upande mmoja, hoja umeipata. Ukikuta mahali ziwa linatenda, linachafuka na kuwarudisha wavuvi ufukweni, tulia hapo zaidi.

Kosa jingine, nalo ni kubwa, ni kudai mwanamke yuko karibu na mazingira kwa kuwa ni mwanamke. Mchumi wa India, Bina Agarwal, alilipinga mwaka 1992 kwa mifano ya India: ukaribu huo hutokana na kazi, umiliki na tabaka. Nenda mwalo wa Katonga, hapo kwenu Kigoma, uone. Anayeanika dagaa mchangani hukesha na mawingu, maana mvua ikimkuta dagaa wanaharibika, na hata wakikauka wana mchanga, bei inashuka. Mwenye mtaji ameanika juu ya vichanja. Wote ni wanawake, jua ni lilelile. Sentensi ya "wanawake na ziwa" inaifuta tofauti hiyo, na riwaya nzuri huionyesha.

Kwa hiyo andika upya hivi: swali kuu moja, aya mbili za nadharia, kisha ukurasa mzima ukichambua kifungu kimoja cha riwaya. Ukurasa huo ndio utakaomshawishi msimamizi. Msome makala zake kabla hujamwandikia.

Ukimaliza tasnifu, geuza sura moja, si zote, kuwa makala. Jarida la Swahili Forum husomwa bure mtandaoni. Pitia matoleo kadhaa uone urefu na namna ya kunukuu.