Mwito wa mada za mkutano wa Python: mapendekezo manne tu

Salama dada. Umesema mwito wenu wa kuomba mada kwa mkutano wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, una wiki tatu sasa na mapendekezo ni manne tu, wakati tangazo limesambaa kila mahali.

Sijaiona fomu yenu, lakini anza nayo. Ifungue kwa simu, uhesabu sehemu za lazima. Kichwa, muhtasari wa maneno 100 hadi 150, kiwango cha wasikilizaji na muda vinatosha. Picha na wasifu ombeni baada ya kuchagua. Vikidaiwa mwanzoni, watu huishia njiani.

Kisha tazama kama mwito unasema nani analipa nauli na malazi. Mtu wa Mwanza hawezi kuahidi kuja Dar bila kujua hilo.

La tatu ndilo zito: neno "Python" peke yake ni pana mno. Anayesafisha takwimu za zahanati kwa pandas (zana ya Python ya kushughulikia data) hajioni kuwa msemaji mpaka asome mfano unaofanana na kazi yake. Wekeni mifano mitano ya namna hiyo. Semeni wazi pia kwamba Kiswahili kinaruhusiwa. PyCon ya Marekani, mkutano wa watumiaji wa Python huko, ina mada za Kihispania, Charlas, tangu 2018.

Msiongeze muda bado. Mapendekezo mengi huingia siku mbili za mwisho, kwa hiyo tumeni kikumbusho siku tano kabla ya kufunga.