Usipige Windows upya kabla hujaangalia diski

Mkuu, umesema kompyuta inachukua dakika tano kuwaka, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni GB 4, na fundi wa Mwanjelwa anataka kupiga Windows upya. Mwambie asubiri kidogo.

Iwashe, iache itulie, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, dirisha linaloonyesha kinachoilemea mashine. Tazama safu ya diski. Kama inagonga asilimia 100 wakati hujafungua kitu, na ndani mna ile diski ya zamani ya kuzunguka, Windows mpya itakupa raha ya wiki mbili tu. Mimi nilipiga mara tatu ndani ya mwaka mmoja ndipo nikashtuka. Nilipoweka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi, ule muda wa kwenda kuchemsha chai nikisubiri iwake ukaisha, na kwa baridi ya Mbeya mwezi wa sita, chai yenyewe nikaikosa!

Ikiwa RAM ndiyo imejaa, zima programu zinazojiwasha zenyewe, utazikuta humo humo. Feni ikilia kama mashine ya kusaga, mara nyingi hilo ni vumbi, isafishwe.

Kupiga upya kuna maana kama kuna virusi, au umeshanunua SSD. Hapo mafaili yako yahamishe mwenyewe, usimwachie fundi. Tena muulize anaweka toleo gani: Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ndani ya mashine. Mashine yako isipokuwa nayo, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kwanza kwa flashi, bila kufuta chochote kwenye kompyuta.