Muulize daktari ni sehemu gani ya ubongo imeumia

Mtu wenu akipata kiharusi, ndugu wote humzunguka daktari kwa swali moja: atapona? Mna haki ya kuuliza, lakini siku zile za mwanzo hakuna daktari makini atakayewapa jibu la kushika. Liko swali jingine linalojibika mapema, mara nyingi kwa kidole tu juu ya picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa: ni sehemu gani imeumia? Nilimuuguza mama yangu kwa miaka kadhaa baada ya kiharusi, na katika yote niliyoambiwa wodini, jibu la swali hilo ndilo nililolitumia kila siku nyumbani. Naandika kwa ajili ya aliyeambiwa juzi tu kwamba sasa yeye ndiye mwuguzaji.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani asilimia 2 hivi ya mwili, ila hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Hauna ghala la kujiwekea akiba. Damu ikikatika, seli huanza kufa baada ya dakika chache. Na kwa kuwa kila eneo lina kazi zake, mgonjwa hupoteza kazi za eneo lililokosa damu, hapotezi "akili" kwa jumla kama watu wanavyosema. Ndiyo maana wagonjwa wawili wa kiharusi wanaweza kulala vitanda jirani na wasifanane kwa lolote. (Ukikutana na mtu anayedai kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, mwambie apite wodi hiyo. Hakuna kona inayoumia bila mtu kuikosa.)

Mama aliumia upande wa kulia, kwa hiyo uliolegea ni mkono na mguu wa kushoto. Nyuzi za neva zinazoamrisha viungo hupishana chini kabisa kwenye shina la ubongo, kabla hazijateremka mgongoni, hivyo kila upande wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili. Lugha nayo, kwa watu walio wengi, imekaa kushoto. Mama alizungumza vizuri tangu mwanzo, na wageni walikuwa wakitoka wodini wakisema huyu hana shida kubwa. Kumbe shida ilikuwepo, ila haikuwa ya kusikika.

Alikuwa anakula nusu ya sahani. Nusu ya kulia anaimaliza, ya kushoto haigusi, kisha analalamika kwamba amepewa chakula kidogo. Anachana nywele za upande mmoja. Ukimsalimia umesimama kushoto kwake, anamtafuta mwenye sauti upande wa kulia. Walikuwepo ndugu walioona anadeka, na mwingine akashauri tumpeleke akapimwe miwani. Macho yake yalikuwa mazima. Sehemu ya ubongo iliyo chini ya utosi, hasa ile ya kulia, ndiyo inayotupa habari za mahali: vitu viko wapi, mwili wangu umeishia wapi, upande gani nielekeze uangalifu. Ikiumia, upande wa kushoto haugeuki kuwa giza. Unakuwa kama haujawahi kuwepo, na kwa hiyo mgonjwa hana sababu ya kuutafuta.

Ukishalielewa hilo, mengi ya kufanya yanajileta yenyewe. Geuza sahani katikati ya mlo. Maji, simu na kengele ya kukuitia viweke upande anaouona. Ukiwa na jambo zito la kuzungumza naye, kaa upande huo huo. Kisha, mtaalamu wa mazoezi akisharuhusu, anza kumvuta taratibu kuelekea upande uliosahaulika: mguse mkono ule huku ukiutaja, msalimie ukitokea huko, na anaposoma pigia mstari mwekundu ukingo wa kushoto wa ukurasa ili kila mstari aanzie hapo. Kazi hii inachosha kuliko kumwogesha, mimi nakwambia.

Lililonitisha zaidi ni kwamba kwa muda mama hakuamini kuwa amepooza. Ukimwuliza kuhusu mkono wake anakujibu hauna neno. Joseph Babinski, daktari wa neva wa Ufaransa, aliieleza hali hii mwaka 1914, kwa hiyo si mgeni wala si kiburi cha mzee. Kubishana naye hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kujua kwamba mtu anayeamini mguu wake ni mzima atainuka usiku kwenda msalani bila kumwita yeyote. Lala karibu naye.

Kitanda cha jirani alikuwepo baba mmoja aliyeumia upande wa kushoto. Mambo yake yalikuwa kinyume cha ya mama: mkono wa kulia umelala, na kinywani ana neno moja au mawili tu. Wanawe walikuwa wakimsemesha kwa sauti ya juu kana kwamba ni kiziwi. Mwaka 1861 daktari Paul Broca, jijini Paris, alimpata mgonjwa aliyekuwa anaelewa anachoambiwa lakini hawezi kutamka zaidi ya "tan". Alipofariki, Broca aliukagua ubongo wake na kukuta kovu sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Tangu hapo eneo hilo linaitwa kwa jina lake. Mgonjwa wa namna hii anajua anachotaka kusema, na anajua kwamba hakitoki. Hasira yake ni ya haki kabisa.

Muuguzi aliwafundisha wale vijana jambo ambalo nami nililiiba: uliza swali moja, linalojibika kwa ndiyo au hapana, halafu nyamaza. Usimwulize, "Baba, unataka maji, au nikugeuze, au nifungue dirisha?" Maswali hayo ni matatu, na anapohangaikia la kwanza wewe umeshafika la mwisho. Usimmalizie neno kabla hajaomba. Tena jaribuni kuimba. Yule baba aliyeshindwa kutaja jina la mwanawe aliweza kuimba beti nzima za nyimbo alizozijua tangu ujana, kwa sababu nyimbo, kuhesabu na maneno yaliyokaririwa huegemea pia njia nyingine za ubongo, zikiwemo za upande wa kulia. Wapo wataalamu wa usemi wanaotumia mlango huo kuwarudishia watu maneno ya kawaida.

Kuna sura nyingine ya tatizo la lugha, inayodanganya zaidi. Carl Wernicke aliieleza mwaka 1874. Eneo lililoumia liko nyuma kidogo, juu ya sikio la kushoto, na mgonjwa anazungumza kwa mtiririko mzuri, lafudhi yake ile ile, ila maneno hayana maana na ya kwako hayaelewi sawasawa. Huyu "ndiyo" yake usiitegemee. Mwonyeshe kitu chenyewe, tumia mikono na uso, na usimpe karatasi ya kutia saini.

Kuhusu sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, kila mwandishi humtaja Phineas Gage, mfanyakazi wa reli aliyetobolewa kichwa na mtalimbo wa chuma huko Vermont, Marekani, mwaka 1848, akabaki hai lakini jamaa zake wakasema si yule tena. Hadithi yake hutiwa chumvi sana. Mimi napenda zaidi mwisho wake unaosahaulika: baadaye alifanya kazi ya kuendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa. Kazi yenye ratiba ile ile, njia ile ile. Sehemu ya mbele ndiyo inayopanga, inayoanzisha jambo na inayotuzuia kutamka kila tunalowaza, na ikiumia, ratiba ya nje humsaidia mtu pale mpangaji wa ndani aliposhindwa. Mgonjwa anayekaa kwenye kiti toka asubuhi bila kuoga huenda si mvivu; amri ya kuanza ndiyo iliyokatika. Usimwambie "kaoge". Mwambie "simama", akisimama mpe taulo, kisha hatua inayofuata. Akitukana mbele ya wageni, badilisha mazungumzo na usimpe somo la adabu. Fedha na mikataba iwekwe chini ya macho ya mtu wa pili, mapema, kabla hajatokea mjanja.

Kumbukumbu mpya hutegemea hipokampasi, kiungo kidogo kilichojificha ndani ya sehemu ya panja, kila upande kimoja. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison aliondolewa sehemu kubwa ya viungo hivyo ili kupunguza kifafa chake, na tangu hapo hakuweza tena kutunza matukio mapya. Hata hivyo mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora huku akitazama kwenye kioo, mkono wake uliendelea kuboreka siku baada ya siku, ingawa kila mara alidhani ndiyo kwanza analiona. Kwa mwuguzaji maana yake ni hii: mazoea yana njia yake. Dawa mahali pamoja, viatu mahali pamoja, mpangilio mmoja wa asubuhi. Mwili unaweza kujifunza hata kama mwenyewe hakumbuki kufundishwa.

Kisogoni ni kuona. Akiumia hapo anaweza kupoteza nusu ya upeo wa macho, lakini tofauti na mama, mara nyingi anajua na anajifunza kugeuza kichwa.

Machozi nayo yana aina mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Kuna kilio kinachomshika ghafla, hata kwenye jambo la kuchekesha, kikaisha baada ya muda mfupi. Hapo njia zinazodhibiti maonyesho ya hisia ndizo zilizokatika, naye huenda hana huzuni yoyote. Na kuna sonona ya kweli, ambayo huwapata karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi: hali chakula, halali, hataki mazoezi. Zote mbili zina dawa. Mweleze daktari unachokiona, usingoje akuulize.

Shina la ubongo, pale linapoungana na mgongo, ndilo linaloshika pumzi, mapigo ya moyo na kumeza. Kumeza hudhoofika pia katika viharusi vya sehemu nyingine, kwa hiyo shikilia sheria hii kwa kila mgonjwa: hapewi maji, chakula wala kidonge mpaka apimwe kama anameza salama. Akisharuhusiwa, aketi wima, tonge dogo, na asilazwe mara tu baada ya kula. Sauti ikigeuka ya majimaji baada ya kunywa, simamisha na utoe taarifa. Nimonia inayotokana na chakula kuingia mapafuni huua wagonjwa wengi waliokwisha kuvuka kiharusi chenyewe.

Nimebakiza ubongo mdogo, ulio chini ya kisogo. Una sehemu kubwa ya seli za neva zote, ambazo hukadiriwa kuwa bilioni 86, na ndio unaopima mizani na ulaini wa mwendo. Nautaja mwisho kwa sababu ndio unaopotezewa muda. Watu wengi wamefundishwa dalili za kiharusi: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama. Ziko sahihi, na zikitokea kimbieni hospitali mkiwa mmeandika saa zilipoanza, kwani dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Lakini kiharusi cha ubongo mdogo kinaweza kuja bila hata moja ya hizo. Mtu anapata kizunguzungu kikali cha ghafla, anatapika, anayumba kama mlevi na hawezi kukaa wima bila kushikwa. Huyo asiambiwe alale kwanza hadi asubuhi. Mpelekeni saa hiyo hiyo, na mkifika semeni waziwazi kwamba hajanywa pombe.