Nyumba ni ile ile lakini sijui chumvi inakaa wapi

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mkubwa. Mimi ni mzee wa miaka 63, nakaa Kibokoni hapa Mji wa Kale, Mombasa, nimefanya kazi bandarini miaka 31 mpaka nikastaafu. Mke wangu alitangulia mbele ya haki miezi saba iliyopita, tulikaa pamoja miaka 36. Nakwambia ukweli manake hapa hunijui: nyumba imenishinda. Zile siku arobaini za mwanzo sahani zilikuwa zaja mpaka nyengine nampa jirani, baada ya hitima kila mtu akarudi kwake na ni haki yao. Tangu hapo chakula changu cha usiku ni chai na mkate, au viazi karai vya pale pembeni. Juzi nimepika wali, chini umeungua na juu mbichi, hata sijui nimefanyaje. Kanzu zangu tatu nyeupe nimezifua pamoja na leso yake moja nyekundu nilotaka kuiweka safi, zote zimekuwa rangi ya sharbati. Wiki jana stima ikazima saa mbili usiku nikakaa kizani mpaka asubuhi, tokeni alokuwa akinunua ni yeye na nambari ya mita siijui. Binti yangu kaolewa Malindi, kila Jumamosi huja na matatu akanipikia akajaza friji akarudi, naona anavyochoka. Dada yangu anasema dawa ni moja tu, nioe. Wenzangu wa barazani nilipowaambia nataka kujifunza kupika walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nianzie wapi, na mtu wa umri wangu kushika kikapu kwenda sokoni ni aibu?

JIBU: Waaleikum salaam kaka yangu. Pole sana, Mungu amrehemu na amuangazie kaburi lake. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka kwa zile kanzu (nisamehe), ya pili sikucheka manake mimi pia nshakaa kizani hivyo hivyo. Mume wangu alipofariki nilikuwa najua kila kitu cha jikoni lakini sijawahi kununua tokeni, sijawahi kupanda juu kuangalia tangi, hata fundi wa bomba sikuwa na nambari yake. Nyumba ya watu wawili iko hivyo, kila mmoja ana nusu yake ya funguo, akiondoka mmoja unabaki unagonga mlango wa nyumba yako mwenyewe.

Kwanza nikuulize, simu ya marehemu iko wapi? Najua hujaitupa, iko kabatini imezimwa. Itoe, ichaji, na Jumamosi binti akija kaeni nayo pamoja. Siku hiyo msitafute picha wala sauti zake, hizo zina siku yake, tafuteni meseji. Humo ndimo nyumba yako ilimoandikwa. Kila tokeni alonunua imo na nambari ya mita iko pale pale, tarakimu 11, na zile 20 ndo za kubonyeza kwenye kile kidude. Angalieni na za M-Pesa: muuza maji alokuwa akimlipa ni nani, wa gesi ni nani, maziwa alikuwa akichukua kwa nani, fundi alomlipa mwisho ni yupi. Hao wote wanaijua nyumba yako kuliko wewe, usikasirike, wapigie tu uwaambie mimi ni mume wake fulani. Na ukiona jina moja limerudi kila mwezi na pesa ile ile, hicho huenda ni chama cha kuchangiana, wenzake wana hesabu yake na pengine kuna chake kimebaki. Ila pesa zilobaki kwenye laini usizitoe kwa namba yake ya siri hata kama unaijua, hizo ni mirathi, zina utaratibu wake na cheti cha kifo kitatakiwa.

Nambari ya mita iandike kwa maka peni kubwa nyuma ya mlango wa jikoni. Peibili ya stima kwenye M-Pesa ni 888880, akaunti ndo hiyo nambari ya mita. Nunua mchana, usingoje izime, na jaribu mara ya kwanza na pesa kidogo binti akiwa karibu ili ukikosea ukosee mbele ya mtu.

Sasa jiko. Hao wenzako wa barazani waulize swali moja: siku ya hitima ya mkeo ile pilau ya masufuria makubwa ilipikwa na nani? Mombasa hii pilau ya harusi na ya msiba wapishi wake ni wanaume, wenye miko mirefu na jasho, na hakuna anayewacheka, wanalipwa na wanagombaniwa. Mabaharia wa majahazi nao huko baharini walikuwa wakipikiwa na nani, na wewe mtu wa bandarini unayajua hayo kunishinda. Na Bi Aisha alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani kwake alijibu alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Kwa hivyo ukiona mtu anacheka jua hana habari, muache na kahawa yake.

Kuhusu kupika usijibebeshe biriani. Anza na wali wa nazi, huo ukikaa mkononi mengine yatafuata. Na mwambie binti yako hivi: Jumamosi hii akija akae kwenye kiti, mikono yake isiguse kitu, apike kwa mdomo na wewe upike kwa mkono. Itamuuma sana, ataruka kutoka kwenye kiti mara kumi, mrudishe. Manake akikupikia anakulisha siku tatu, na yeye ana nyumba yake na watoto wake.

Mchele kikombe kimoja chakutosha na kinabaki. Nazi huna haja ya kukaa juu ya mbuzi ukajikata vidole, peleka ikunwe kwa mashine au nunua ilokunwa. Nusu nazi inatosha. Tia maji ya uvuguvugu kidogo, kamua, hilo tui zito weka kando. Tia maji tena kamua, hilo jepesi ndo la kuchemshia. Pima kwa kikombe kile kile ulopimia mchele, macho yasikudanganye: tui jepesi kikombe kimoja na chumvi, likichemka mimina mchele ulokwisha oshwa, koroga mara moja tu. Ukianza kukauka mimina tui zito, hilo lipate kama nusu kikombe mpaka robo tatu, inategemea mchele wenyewe, mchele mpya hautaki maji mengi. Hapa sasa ndipo ulipoharibikiwa, nina hakika. Uliacha moto mkali. Zamani tulikuwa tunapalia, makaa juu ya kifuniko na machache chini, moto unakuja pande zote mbili. Gesi haina makaa ya juu kwa hivyo moto uwe mdogo kabisa, na chini ya sufuria weka kile chuma cha chapati, ule moto usiguse sufuria moja kwa moja. Funika vizuri, usifunue funue, robo saa. Utasikia harufu, wali ukiiva una harufu yake, we mwenyewe umeinusa miaka 36 ukiingia mlangoni. Mara ya kwanza pengine utakuwa bokoboko, ule hivyo hivyo na mchuzi wa samaki, hakuna atakayejua.

Tui likibaki usilale nalo nje, kwa joto letu hili asubuhi limechacha, liweke friza.

Samaki nenda Marikiti mapema, ama popote ulipozoea kuona wanapouza, na mwambie muuzaji akuparie magamba na akutolee matumbo kabisa, ndo kazi yake. Changu au tafi wawili wadogo ni mboga ya mtu mmoja. Kusi likivuma samaki anapanda bei, usidhani umeibiwa, ni bahari. Mbaazi na mahamri ya asubuhi nunua kwa mama wa mtaani kama mji mzima unavyonunua, hapo hakuna anayepikia mtu mmoja, ni hasara. Ila hivyo viazi karai vya kila usiku viwache, umri wetu huu mafuta yale yale ya tangu asubuhi hatuyawezi tena, mimi pia nilipigwa marufuku na daktari na nikanuna wiki nzima. Na aibu ya kikapu uloniuliza, nenda mara tatu. Mara ya kwanza watakuangalia, ya pili watakusalimia, ya tatu watakukatia bei manake wanajua hujui, au watakupandishia kwa sababu ile ile, hapo ndo utaanza kujifunza.

Gesi: ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni pale kwenye regileta, likitoa vipovu inavuja, funga usiwashe. Ukitaka kujua imebaki kiasi gani mwagia maji ya moto ubavuni mwa mtungi kisha pitisha mkono, pale panapogeuka baridi ndipo gesi ilipo. Kila usiku ifunge pale juu ya mtungi, si kwenye meko peke yake, hewa ya bahari inakula vyuma vyetu na kutu haina hodi.

Kanzu zako, kwanza hazijafa. Zirowanishe na dawa ya kung'arisha nyeupe, soma maelezo ya chupa, na nyekundu sasa unajua inafuliwa peke yake. Pili kama unafulia maji ya kisima ya chumvi ndo sababu sabuni haitoi povu na nguo zinakuwa ngumu kama turubali. Hayo ya chumvi tumia kwa choo na sakafu na kuondoa uchafu wa kwanza, ndoo ya mwisho ya kusuuzia iwe maji tamu. Yale maji tamu ya mkokoteni ni ghali nayajua, mitungi miwili kwa wiki kwa ajili ya nguo itakutosha. Au mpe dobi kanzu za Ijumaa ubaki na nguo za kushindia, hapo hujashindwa umegawa kazi tu. Mtu wa kuja mara mbili kwa wiki ukimudu kumlipa pia ni sawa, lakini ujue kwanza kazi yenyewe ndo utajua kama kaifanya.

Na leso ile nyekundu iwache kama ilivyo. Si lazima kila kitu chake kifuliwe.

Nimekuja kwa dada yako. Kuoa ni sunna na sina neno, ukimpata wa kukaa naye mkazungumza jioni Mungu akubariki. Lakini ukioa leo kwa sababu wali umeungua, huyo mtoto wa watu unamchukua mke au unamchukua kazi? Atajua, nakwambia, siku ya tatu tu ashajua. Kisha siku akienda kwao akakaa wiki mbili utarudi pale pale kwenye chai na mkate, sasa una wake wawili wa kuwakumbuka. Jifunze kwanza ushibe mwenyewe nyumbani kwako, uoe baadaye huku tumbo limetulia. Dada yako mwalike Jumapili aje kula wali wako, hapo mazungumzo yatageuka.

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nimetoka eda juzi, nakaa Mtongwe na watoto wawili. Mafundi wote, alokuwa akizungumza nao ni marehemu mume wangu. Sasa pampu ya kupandisha maji tangini inavuma tu haipandishi, fundi kaja kaangalia dakika mbili kasema imekufa, nimpe pesa akanunue mpya. Nampa?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa yote. Pesa usimpe. Pampu inayovuma bila kuzunguka mara nyingi ni kapasita imekufa, kile kidubwasha kama betri pembeni, au imekaza kwa kukaa. Hilo ni jambo la pesa kidogo ukilinganisha na pampu nzima. Zima kwanza meni swichi na usiiwashe tena, ikivuma hivyo muda mrefu inaungua kweli na huyo fundi atapata haki yake. Angalia kisima kina maji na boya halijakwama. Kisha uliza jirani mwenye pampu kama yako anatumia fundi gani, mlete huyo wa pili na usimwambie wa kwanza kasema nini. Muache aseme mwenyewe. Akiwa anafungua simama hapo hapo muulize hiki nini na hiki nini, watakuona msumbufu, acha wakuone, marehemu wako naye alianza kwa kusimama hivyo. Kitu kikibadilishwa mwambie cha zamani akupe mkononi, asiondoke nacho. Na mambo ya vipuri nenda ununue mwenyewe, usiogope duka la vyuma, beba tu kile kibovu ukiweke juu ya meza useme nataka kama hiki, wala hutahitaji kujua jina lake.