Majibu ya mafundi: makabati ya jikoni

Makabati yangu ni ya mninga, yamepigwa vanishi ya giza zaidi ya miaka kumi iliyopita. Nataka yawe meupe. Jirani alipaka mninga wake rangi nyeupe ya maji. Wiki haikuisha, madoa ya kahawia yakajitokeza kila mahali. Nifanyeje yasinikute hayo? (Tabata Segerea)

Madoa hayo hayatoki kwenye rangi, dada, yanatoka ndani ya mbao. Mninga una rangi yake ya asili inayoyeyuka, na ukiupaka rangi ya maji moja kwa moja, yale maji huivuta hadi juu. Hata upake mikono mitano, doa litapanda tena. Dawa yake ni praima (rangi ya chini ya kutangulia) ya mafuta ya kuzuia madoa, na inakuja baada ya kazi nyingine ambayo wengi huiruka.

Fungua milango yote na droo, toa bawaba na vishikio, kisha bandika namba nyuma ya kila mlango na mahali ulipotoka. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ukikaza zaidi pale mkono unaposhika na milango iliyo karibu na jiko, kwa sababu mvuke wa mafuta ya kukaangia hujenga utando usioonekana. Suuza, kausha. Usifute kwa mafuta ya taa kama wanavyofanya wengi: yanaacha mafuta yake mwenyewe na rangi itabanduka kama ganda la ndizi.

Sasa msasa. Namba 120 mpaka vanishi ipoteze mng'aro wote, halafu namba 180 kulainisha. Huna haja ya kufika kwenye mbao tupu, ila pale vanishi inapobanduka yenyewe itoe yote. Vaa maski, maana vumbi la mninga huwasumbua wengi pua na kifua. Futa vumbi kwa brashi, kisha kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Ndipo upake praima, mkono mmoja mwembamba, uache siku nzima. Siku ya pili tazama: ukiona alama ya kahawia, ongeza mkono wa pili wa praima kabla hujagusa rangi yenyewe.

Hesabu ya rangi ni hivi. Mlango wa sentimita 40 kwa 70 una mita ya mraba 0.56 pande zote mbili. Milango 12 ni 6.7, ongeza mbili za fremu na nyuso za droo, unafika kama 8.7. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, kwa hiyo praima lita moja inatosha mkono mmoja, na rangi lita mbili mikono miwili. Galoni ya lita nne itabaki na kukauka stoo. Ukinunua makopo mawili ya lita moja, hakikisha namba ya toleo ni moja, au changanya yote kwenye ndoo kabla ya kuanza.

Punguza rangi kwa tapentaini isiyozidi sehemu moja kwa kumi, paka kwa rola ndogo ya sponji, na kwenye mapambo tumia brashi. Acha saa 24, piga msasa 220 kwa mkono mwepesi, futa, rudia. Paka nyuma sawa na mbele, kwani mlango uliopakwa upande mmoja tu hunyonya unyevu upande wa pili na kupinda. Na ule mfereji mwembamba kati ya kipande cha katikati na fremu ya mlango usiuzibe kwa fila, ile ya kujazia nyufa. Kipande hicho kimeachwa huru makusudi ili kitanuke masika na kusinyaa kiangazi. Ukikibana, rangi itapasuka kwenye mstari huo huo.

Usirudishe milango kesho yake. Rangi ya mafuta hukauka kwa kidole ndani ya siku moja, lakini kuiva ndani huchukua wiki tatu hadi nne. Subiri angalau siku tano, na ubandike vipira vidogo kwenye fremu, la sivyo mlango utagandana nayo na kubandua rangi siku ya kuufungua. Jambo la mwisho: nyeupe ya mafuta hugeuka manjano, hasa mahali pasipo mwanga kama ndani ya kabati. Juu ya praima ya mafuta unaweza kumalizia kwa rangi ngumu ya maji ya mbao na madirisha, hiyo haigeuki. Sisi, kwa mninga mzuri, tungekwangua na kupiga vanishi isiyong'aa. Lakini jikoni ni kwako.

Naishi Kigamboni, karibu na bahari. Makabati ni ya chipubodi, bawaba zimeshika kutu na milango miwili inaning'inia. Nikikaza skrubu zinazunguka tu. (Kigamboni)

Una matatizo mawili yaliyokutana. Skrubu zinazunguka kwa sababu chipubodi ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Tundu likishapanuka, uzi wa skrubu hauna pa kushika. Kupachika vijiti vya kiberiti husaidia mwezi mmoja. Fanya hivi: toa bawaba, toboa tundu bovu kwa kekee ya milimita 8, kina kisizidi 12, kwa sababu ubao wenyewe ni milimita 16. Zungushia tepu kwenye kekee kama alama ya kusimamia. Jaza gundi nyeupe ya mbao, gonga kijiti cha mviringo cha mbao ngumu cha unene huo huo, kata usawa wa ubao, acha mpaka kesho. Toboa tundu jembamba la milimita 2 hadi 2.5 katikati, ndipo ufunge skrubu kwa bisibisi ya mkono. Drili ya umeme ndiyo iliyoharibu la kwanza, mara nyingi.

Bawaba mpya: pima kikombe cha ile ya zamani, yaani sehemu ya mviringo inayozama kwenye mlango. Nyingi ni milimita 35, lakini umbali kati ya skrubu zake mbili hutofautiana, 45, 48 au 52, kwa hiyo nenda Kariakoo na bawaba mkononi. Angalia pia shingo ya mkono wake: iliyonyooka ni ya mlango unaofunika ubao wote wa ubavuni, iliyopinda kidogo ni ya milango miwili inayogawana ubao mmoja, iliyopinda sana ni ya mlango unaoingia ndani ya fremu. Ukikosea hapo, mlango haufungi hata ukirekebisha vipi.

Kwa hewa ya chumvi tafuta stenlesi ya kweli. Nyingi zinazoitwa hivyo ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli. Beba sumaku: ikivutwa kwa nguvu kwenye mkono na kikombe, achana nayo, ikinasa kwenye springi tu, hilo ni la kawaida.

Ukishafunga, skrubu ya mbele kwenye mkono wa bawaba husogeza mlango kushoto na kulia, ya nyuma huuleta mbele au nyuma, na zile za sahani iliyofungwa ubavuni mwa kabati huupandisha na kuushusha. Mlango wa hadi sentimita 90 hubebwa na bawaba mbili. Mrefu zaidi, tatu.

Nilipiga spreya makabati yangu mwezi wa nne. Vanishi ilikauka haraka lakini ikawa nyeupe kama imeingia ukungu. Je, nimeuziwa feki? (Mbagala)

Huenda hukuuziwa feki. Vanishi za kukauka haraka, zile zinazochanganywa na thina kali, hupoza uso wa mbao thina inaporuka hewani. Aprili hewa ya Dar imejaa unyevu. Unyevu huo hutulia juu ya uso uliopoa na kunaswa ndani. Subiri siku kavu, piga saa tano hadi saa tisa mchana, na upitishe mkono mwembamba sana wa thina, ikiwezekana ile ya kukauka polepole. Vanishi italainika, unyevu utatoka na weupe utaondoka. Usipokwisha, msasa 320 na mkono mpya. Mwaga pia maji ya kwenye tangi la kompresa kila asubuhi.

Mawili ya tahadhari. Thina hiyo hushika moto kwa mbali, kwa hiyo kazi ifanyike nje na mtungi wa gesi ufungwe. Na usiipige juu ya rangi ya mafuta ya zamani: itaivimbisha na kuikunja yote.

MDF chini ya sinki imevimba. Naweza kuipiga msasa na kupaka? (Ubungo)

Hapana. MDF ni ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na nyuzi zikishavimba hazirudi. Ziba kwanza bomba linalovuja, kisha kata sehemu iliyovimba na sentimita tano zaidi, weka ubao mpya. Kingo zilizokatwa ndizo zinazokunywa maji: zipake sila (ya kuziba vinyweleo vya ubao) mikono miwili, ukipiga msasa katikati, kabla ya rangi. Simamisha kabati kwenye miguu ya plastiki ya sentimita 10, lisikae sakafuni unapopigia deki.

Nimepanga Sinza, mwenye nyumba hataki rangi ibadilishwe. Nibadilishe nini? (Sinza)

Vishikio. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Vingi ni milimita 96 au 128. Nunua vya kipimo hicho hicho, na uhifadhi vya zamani pamoja na skrubu zake kwenye mfuko mmoja, uvirudishe siku ya kuhama. Ukipenda kipimo kingine, chagua vyenye sahani ya nyuma inayoziba matundu ya zamani, lakini muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa.