Malcolm MacDonald, gavana aliyewahi kunyimwa kura

Mmeuliza wiki hii ni gavana yupi wa kikoloni anayestahili kuchunguzwa zaidi kuliko anavyochunguzwa, na kwa sababu gani. Jibu langu ni Malcolm MacDonald, gavana wa mwisho wa Kenya. Simtaji kama mleta uhuru, kwani uhuru ulidaiwa na kumwagiwa damu na Wakenya wenyewe kabla yeye hajatia mguu Nairobi. Namtaja kwa kuwa mambo ya mwaka 1963 hayaeleweki vizuri mpaka tukumbuke kwamba hakuwa ofisa aliyepanda ngazi kutoka ofisi ya wilaya; alikuwa mwanasiasa.

Alizaliwa mwaka 1901 huko Lossiemouth, Scotland, akiwa mwana wa Ramsay MacDonald, waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza kutoka chama cha Labour. Aliingia bungeni mwaka 1929 kama mbunge wa Bassetlaw. Baba yake alipounda serikali ya mseto mwaka 1931, Malcolm alimfuata, na wenzao wa Labour wakawahesabu kuwa wasaliti. Katika uchaguzi wa Novemba 1935, baba na mwana, wote wawili wakiwa mawaziri, waliangushwa na wapiga kura. Malcolm alirudi bungeni mwaka uliofuata kwa uchaguzi mdogo, lakini naamini aibu ile ilimfundisha jambo ambalo magavana wengi hawakupata nafasi ya kujifunza, yaani kwamba cheo hakimsaidii mtu aliyekataliwa na watu.

Akiwa waziri wa makoloni alitoa Mei 1939 waraka wa sera kuhusu Palestina, uliowawekea wahamiaji Wayahudi kikomo cha watu 75,000 kwa miaka mitano. Wayahudi waliulaani, nao viongozi wa Waarabu waliukataa. Mwaka 1940 alisimamia sheria iliyotenga hadi pauni milioni 5 kwa mwaka kwa maendeleo ya makoloni. Baada ya hapo Churchill alimpeleka Kanada, kisha akatumikia Malaya, Singapore na India.

Alipofika Kenya Januari 1963 alimrithi Patrick Renison, ambaye mwaka 1960 alikuwa amemtangaza Jomo Kenyatta kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. MacDonald alimtazama Kenyatta huyohuyo kwa jicho la mtu aliyezoea kampeni, akaona kwamba hakuna mwingine mwenye umma nyuma yake kiasi hicho, na kwamba kuchelewesha uhuru kungeleta hatari kubwa kuliko kuuharakisha. KANU, chama cha Kenyatta, ikashinda uchaguzi wa Mei, na tarehe 1 Juni Kenyatta akawa waziri mkuu. Vyama vilipokutana tena London kuanzia Septemba kujadili katiba, KANU ikitaka kupunguza nguvu za majimbo, yaani serikali za mikoa, na KADU, chama cha upinzani cha Ronald Ngala, ikizishikilia kwa kuhofia kumezwa, ushauri wa MacDonald kwa serikali yake ulikuwa kwamba wenye kura nyingi wasikilizwe. Ulikuwa ushauri wa busara kwa amani ya wakati ule, ila sioni haki kuyapuuza machungu ya watu wa KADU, ambao waliona ahadi ya majimbo waliyopewa mwaka mmoja tu nyuma ikilegezwa.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba alibaki kama gavana mkuu, na Kenya ilipokuwa jamhuri mwaka 1964 akabaki tena, safari hii akiwa balozi wa Uingereza. Kwa gavana wa nchi iliyotoka vitani na Waingereza, hilo si jambo dogo, na lingenitosha kumsifu kama pasingekuwa na habari ya majalada. Katika miezi ya mwisho ya utawala huo, nyaraka za siri zilizohusu Hali ya Hatari, yaani kipindi cha vita vya Mau Mau, ziliteketezwa kwa moto na nyingine kusafirishwa kwenda Uingereza, ili serikali mpya isizione. Agizo la jumla lilitoka London, lakini Ikulu alikuwa yeye, na siwezi kumpa heshima ya kumsikiliza Kenyatta bila kumtwika pia mzigo wa moshi ule. Serikali ya Uingereza ilikuja kukiri kuwa na majalada hayo mwaka 2011, wakati wazee waliowahi kuteswa katika kambi za kizuizini walipokuwa mahakamani London wakidai haki yao. MacDonald alikuwa amekwisha kufa tangu 1981.