Mzio wa chakula kwa watoto: maswali yenu ya wiki hii

Mwanangu ana miezi minane. Kila akinywa uji wa lishe hutoka vipele mdomoni na shingoni. Unga una mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano na dagaa. Niache kipi? (Mama wa Mbagala)

Kwa sasa uache wote, mama, kwa sababu hapo mhusika hajulikani. Ndiyo kasoro ya unga huu wa mchanganyiko, na wapo wauzaji wanaofikisha vitu kumi, kana kwamba wingi ndio lishe. Karanga, soya, ngano na dagaa wanajulikana sana kwa kuleta mzio; mahindi na ulezi ni mara chache. Rudi kwenye uji wa mahindi matupu, na nguvu aipate kwa parachichi, maharage ya kuponda au nyama ya kusaga, ilimradi ni vitu alivyokwisha kula bila shida. Wale wanne usiwarudishe mwenyewe nyumbani kabla hajaonwa na daktari.

Andika kwenye daftari la kliniki: alikunywa saa ngapi, vipele vilitoka baada ya muda gani, vilikaa kwa muda gani. Mzio wa aina hii huonekana ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Na kama uji huwa unaukamulia ndimu, usilifiche hilo. Ndimu huwasha ngozi laini ya mdomo hata pasipo mzio.

Mama mkwe anakataza mtoto asipewe yai wala karanga mpaka afikishe miaka mitatu. Ni kweli? (Baba wa Tanga)

Mama mkwe wako hakuliokota njiani. Madaktari wenyewe walikuwa wakisema hivyo. Mambo yaligeuka mwaka 2015, ulipotoka utafiti uliofanyika London kwa watoto wachanga 640 waliokuwa na pumu ya ngozi kali au mzio wa yai. Walioanza kula karanga kabla ya kutimiza mwaka, walipofika miaka mitano mzio wa karanga ulikuwa umepungua kwao kwa takriban asilimia 80, ukiwalinganisha na walionyimwa.

Kwa hiyo akitimiza miezi sita na ameshaanza kula, mpe yai lililochemshwa likaiva kabisa, na siku nyingine karanga zilizosagwa laini ndani ya uji. Anza na kijiko kidogo, asubuhi, ili mchana kutwa umwone. Punje nzima hapana, kabla ya miaka mitano zinapalia. Zenye ukungu tupa, zina sumukuvu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali aonwe na daktari kwanza.

Maziwa ya ng'ombe yanamtapisha na kumtoa mabaka. Nimeambiwa nimpe ya mbuzi. (Mama wa Arusha)

Usimpe. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na karibu watoto wote wanaodhuriwa na moja hudhuriwa na jingine. Endelea kunyonyesha. Kama hanyonyi na hajafikisha mwaka, anahitaji maziwa maalumu ya kopo atakayoandikiwa na daktari. Wengi huuacha mzio huu wakikua.

Akila jodari uso unakuwa mwekundu na midomo inamwasha, lakini siku nyingine anakula na haoni kitu. (Mama wa Likoni, Mombasa)

Mkague samaki kabla ya mtoto. Jodari na vibua wakikaa juani bila barafu hutengeneza histamini, kemikali inayoleta mwasho, na kupika hakuiondoi. Hata mtu mzima anawashwa. Nunua aliyetoka baharini siku hiyo, au aliyelala kwenye barafu tangu alipovuliwa. Ikiwa anawashwa na samaki yeyote hata akiwa mbichi wa saa hiyo, huo sasa ni mzio.

Piritoni nyumbani inatosha? (Mama wa Morogoro)

Kwa vipele vinavyowasha tu, ndiyo, kwa kipimo ulichopewa na mtaalamu. Akianza kuhema kwa shida, sauti kukauka, kutapika mfululizo au kulegea, mkimbize hospitali saa hiyohiyo: anahitaji sindano ya adrenalini ya paja, na piritoni haishiki nafasi yake. Njiani mlaze, au mpakate akiwa amekaa kama pumzi inambana. Usimsimamishe wala kumtembeza. Na yale maziwa ya "kuua sumu" majirani watakayokuletea mlangoni, yaache hapohapo.